Chama au mtu? Kwanza nionyeshe karatasi uliyoshika

Swali limetoka kwa mwalimu wa chekechea wa Kaunti ya Kilifi. Nimelifupisha, maneno ni yake:

"Tangu nipate kitambulisho nimepigia chama kimoja, karatasi zote sita. Nyumbani ndivyo tulivyolelewa. Marehemu baba alikuwa akisema chama ni kama ndoa, huondoki kwa sababu ya kero moja. Sasa MCA wetu (mwakilishi wa wadi) wa chama hicho yuko awamu ya pili na barabara ya kwenda zahanati bado haipitiki mvua ikinyesha. Kuna kijana jirani yetu, namjua tangu mdogo, ni mwaminifu, anataka kuwania mwaka 2027 kama mgombea huru. Mume wangu anasema nikimpa nitakuwa nimetupa kura na nimesaliti chama. Je, nichague chama au nichague mtu?"

Dada yangu, nianze na mume wako, maana naona yeye ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Kura haitupwi kwa kumpa unayemtaka. Kura inayotupwa ni ile uliyoitia alama kwa majina mawili, ikakataliwa usiku wakati wa kuhesabu. Na usaliti haupo pale ambapo hakuna aliyeapa. Lakini asije akadhani nimemfukuza mezani. Kuhusu wadi kuna jambo ameligusa, pengine bila kujua, na nitalirudia.

Swali lako umeliuliza kama swali moja, na wewe siku hiyo utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA. Zamani, kabla ya Katiba ya 2010, Mkenya alikuwa anapewa tatu: rais, mbunge, diwani. Majirani zetu wa Tanzania Bara bado wanazo tatu, na CCM, chama tawala chao, kwa miaka mingi wamezinadi kwa jina tamu kabisa: mafiga matatu. Chungu hakikai juu ya figa moja, wala mawili. Sisi huku tuna suti, sikspisi, yaani uvae vipande vyote vya duka moja, karatasi zote sita kwa chama kimoja. Mimi mafiga nayaona yana akili kuliko suti. Suti ni urembo, lakini figa lina kazi. Serikali ambayo rais wake ni wa huku na wabunge wake wote ni wa kule, ugali unachelewa kuiva, hilo ni kweli na wala si propaganda.

Tatizo ni kwamba karatasi zetu sita hazikai chini ya chungu kimoja. Kuna chungu cha taifa na kuna chungu cha kaunti, na kila kimoja kina moto wake na pesa zake. Chama kinaweza kuwa figa imara chini ya hiki na jiwe la tope chini ya kile.

Nilikuwa karani wa uchaguzi mwaka 2013, mara ya kwanza sita zilipotumika. Kituo chetu kilikuwa darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani. Asubuhi aliingia bibi mmoja, leso mbili, na kwenye fundo la leso alikuwa amefungia kipande cha bango la kampeni chenye alama ya chama chake. Hakutaka msaidizi. Alikuwa na mpango: atafungua fundo, atalinganisha picha, atatia alama, karatasi moja baada ya nyingine. Alikwenda vizuri mpaka akafika karatasi ambayo chama chake hakikusimamisha mtu, kimeachia mshirika wake katika muungano. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akatoa kichwa nje ya kibanda akaniuliza, "Mwanangu, hawa wamekwenda wapi?" Sheria hainiruhusu kujibu. Alikunja karatasi ikiwa tupu akaitia sandukuni. Usiku msimamizi alipoinua karatasi ile mbele ya mawakala, nyeupe pepe, nilijua ni ya nani.

Na si mwaka ule tu. Mwaka 2022 hayati Raila Odinga aliwania urais kwa tiketi ya muungano wa Azimio la Umoja, huku wabunge wa ODM, chama chake, wakiwania kwa alama yao ya chungwa. Aliyefuata chungwa tu, karatasi ya kwanza hakulikuta.

Kwa hiyo tuzichukue karatasi moja moja. Sitazipa zote muda sawa kwa sababu hazistahili muda sawa.

Ya kijani, ya mbunge. Hapa ndipo chama kina uzito mkubwa kuliko watu wanavyokubali. Bunge la Kitaifa ni kazi ya kuhesabu vichwa: wabunge 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wa kike 47 wa kaunti, 12 wa kuteuliwa, jumla 349 ukimwacha Spika. Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Unakumbuka siku ile, vijana walikuwa nje ya lango. Siku hiyo hakuna mbunge aliyehesabiwa kuwa mmoja na nusu kwa sababu ni muungwana au anawasomesha yatima. Kila mmoja alikuwa kichwa, na vichwa vingi vilikwenda vilikoitwa na kiranja wa chama. Mbunge akimgomea kiranja mara kwa mara, chama kinaweza kumwondoa kwenye kamati, na mbunge asiye na kamati ya maana anabaki kuuliza maswali na kupiga picha. Akijiuzulu kutoka chama kilichompeleka bungeni, Kifungu cha 103 cha Katiba kinamnyang'anya kiti.

Kwa hiyo ukimchagua mbunge mzuri wa chama usichokipenda, kwenye kura kubwa tegemea kuona chama na si uzuri wake. Wapo wanaogoma, na nawavulia kofia, ila usipange miaka mitano yako juu ya kugoma kwao.

Ya mwakilishi wa kike usiitenge na hiyo. Nimeona watu makini, waliochagua mbunge kwa hesabu kali, wakifika karatasi hii wanalegea: "ah, huyu mama ana heshima, alikuja matangani." Mama huyo atakaa ukumbi ule ule na mbunge wako, na kura yake ina uzito ule ule. Kila mpiga kura anapeleka watu wawili katika Bunge la Kitaifa. Ukimpeleka mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule, mara nyingi umefuta kura yako mwenyewe kwa mkono wako. Ukifanya hivyo kwa kukusudia, sawa. Wengi hawakusudii.

Hapa lazima niseme jambo litakalomuudhi kidogo marehemu baba, Mungu amrehemu. Ndoa inahitaji mwenzi asiyebadilika jina. Tazama vyama vilivyotupa marais tangu KANU ianguke baada ya miaka 39: NARC mwaka 2002, PNU 2007, TNA 2013, Jubilee 2017, UDA 2022. Chaguzi tano, vyama vitano. Hakuna hata kimoja kilichoshinda urais mara mbili. Na watu ndani ya vyama hivyo, ukiwatazama sura, wengi ni wale wale wamehama na viti vyao. Nchi yenye historia hiyo, mtu akisema "mimi ni wa chama", namwuliza kwa upole: wa chama, wa kinara, au wa ukoo? Si tusi. Huku kwetu Pwani wengi walipigia chungwa kwa sababu ya mtu mmoja, Raila, na mtu huyo alifariki Oktoba 15, 2025. Uaminifu kwa mtu unaweza kuwa wa heshima kabisa. Ila ujue ndio ulionao, kwa sababu mtu akiondoka, uaminifu ule hauhamii wenyewe kwa waliobaki ofisini na mhuri.

Na hata chama kikibaki na jina lake, kinaweza kubadilisha upande wa ukumbi. Oktoba 2022 Spika Moses Wetang'ula aliamua kwamba Kenya Kwanza, muungano wa Rais Ruto, ndio mrengo wa wengi bungeni, 179 kwa 157 wa Azimio. Kati ya waliofanya hesabu ikae hivyo walikuwemo wabunge wa vyama vilivyokuwa vimesaini mkataba wa Azimio kabla ya uchaguzi, kikiwemo Pamoja African Alliance ambacho mizizi yake iko hapo hapo kwenu Kilifi. Februari 2025 Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi ule, na siku chache baadaye Spika akatoa mwingine uliofika pale pale, wengi ni Kenya Kwanza. Sitaki kuingia kwenye nani alikuwa sahihi. Nataka ujiulize mpiga kura wa kawaida alikuwa amepiga kura ya nini hasa: ya chama chake, ambacho bado kipo, au ya upande ambao chama chake kilimwambia kipo? Kwa hiyo kwa karatasi ya kijani usiangalie rangi ya fulana tu. Tazama wabunge wa chama hicho walipiga kura vipi miaka mitano iliyopita, kwenye mambo mawili matatu yaliyokugusa mfukoni. Rekodi za Bunge zipo wazi, na magazeti yalichapisha majina.

Ya bluu ni ya gavana, na hapa nageuka. Huyu si kichwa cha kuhesabiwa, huyu ni mkono unaoshika. Mwaka wa fedha 2024/25 kaunti 47 ziligawiwa shilingi bilioni 387.4 kama mgao wa usawa. Gavana ndiye anayeteua mawaziri wake wa kaunti, ndiye ambaye chini yake dawa zinaagizwa na zabuni zinatolewa. Chama hakiketi naye kwenye mkutano wa zabuni. Wimbi la chama likishabeba mtu kwenye kiti hiki, chama hakina namna nzuri ya kumrudisha. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliingia wote kwa tiketi ya Jubilee mwaka 2017, wakati tiketi hiyo katika maeneo yao ilikuwa kama upepo wa kusi. Wote wawili Seneti iliwaondoa mwaka 2020, mmoja Januari na mwingine Desemba. Waliopiga suti siku ile walimvaa gavana bila kumpima.

Basi tuchague mtu tu, hata asiye na chama? Ngoja kwanza. Meru mwaka 2022 walimchagua Kawira Mwangaza, mgombea huru, akawashinda wazito wawili, Kiraitu Murungi na Mithika Linturi. Alikuwa amefanya hivyo tena 2017, akaingia bungeni kama mwakilishi wa kike bila chama. Watu wa Meru walichagua mtu, hakuna ubishi. Lakini gavana huondolewa kwa kuanzia bunge la kaunti: theluthi moja ya MCA wanatosha kuwasilisha hoja, theluthi mbili wanaipitisha, kisha inakwenda Seneti. Gavana mwenye chama ana angalau kundi la MCA ambao chama kinaweza kuwaita, kuwabembeleza, kuwatisha. Yeye hakuwa na hata mmoja wa chama chake kwa sababu chama hakikuwepo. Bunge la kaunti lilimwondoa Desemba 2022, akaokolewa na Seneti. Likamwondoa tena 2023, akaokolewa tena. Agosti 2024 mara ya tatu, Seneti ikaunga mkono, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaacha uamuzi ule usimame. Miaka miwili na ushei ya kesi na hoja. Uamue mwenyewe kama alistahili. Mimi ninachokuonyesha ni muda uliopotea. Taita Taveta mwaka ule ule walimchagua Andrew Mwadime, naye huru, na hakuandamwa kwa kiasi hicho. Kwa hiyo kukosa chama si kifo. Ni kulala bila neti: huenda usiumwe na mbu.

Seneta nitampitia haraka. Kwenye miswada inayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja Senetini na seneta ndiye anayeipiga, kwa hiyo 24 zinatosha kupitisha. Ndiye pia hakimu gavana akishtakiwa. Mimi binafsi napenda seneta asiyemdai gavana wangu fadhila yoyote, na mara mbili nimempa kura mtu wa chama kingine kwa sababu hiyo tu. Mke wangu anasema huo ni ujanja wa bure, kwamba seneta huwa ni mzee aliyekosa pa kwenda. Tumekubaliana kutokubaliana.

Na rais? Hapo hushiki mtu wala chama peke yake. Unashika lori zima la kampeni na waliosimama juu yake. Watazame waliosimama nyuma yake, hao ndio mawaziri.

Sasa turudi wadini kwako, kwenye barabara ya zahanati.

Kabla hujamhukumu MCA, uliza barabara ile ni ya nani. Nasema kweli, nimekaa kwenye baraza chungu nzima ambako watu walimzomea MCA saa nzima, kisha ikabainika barabara iko chini ya KeRRA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za vijijini, na MCA hana hata koleo lake pale. Wa kuzomewa alikuwa mbunge, naye alikuwa amekaa jukwaani anatikisa kichwa kwa masikitiko pamoja na wananchi. Ofisi ya msimamizi wa wadi au ya barabara kwenye kaunti wanaweza kukuambia. Ikiwa ni ya kaunti, endelea kusoma. Ikiwa si ya kaunti, hasira yako ni halali ila umeielekeza nyumba isiyo yake.

Ikiwa ni ya kaunti, barabara huingia au huachwa nje ya vitabu kwa tarehe zinazojulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe umewasilishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na yote yawe yamepitishwa kabla ya Juni kwisha. Katikati ya tarehe hizo ndipo MCA anapofanya kazi yake halisi, na ni kazi ya kupatana. Kilifi ina wadi 35. Kila MCA ana barabara yake, kisima chake, chekechea chake. Anasimama na nani? Anamwachia nani kisima ili naye aachiwe barabara? Aliye na chama kikubwa anaingia ukumbini akiwa tayari ana wenzake, kiranja, na nafasi kwenye kamati, labda ya bajeti yenyewe. Mgombea huru anaingia peke yake, na lazima apite kila meza akijitambulisha.

Hapa ndipo mume wako alipogusa jambo. Viti vya kuteuliwa katika bunge la kaunti, vya wanawake na vya makundi yaliyotengwa, vijana na walemavu wakiwemo, hugawanywa kwa vyama kulingana na wadi ambazo kila chama kimeshinda. Wadi iliyochukuliwa na mgombea huru haiongezi kitu kwenye hesabu ya chama chochote. Kwa maana hiyo, ndiyo, ukimpa jirani, chama chako kinapoteza zaidi ya kiti kimoja cha wadi. Kinapoteza na kipande cha kiti cha kuteuliwa. Mwambie mume wako nimekubali hilo. Kisha mwulize kama anawajua walioteuliwa na chama mara iliyopita, hata mmoja kwa jina. Orodha zile huandaliwa na chama kabla ya uchaguzi, hutangazwa, na takriban hakuna anayezisoma. Hapo tunauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia tumelifunga sisi wenyewe.

Upande wa pili wa mizani: wadi ni mahali padogo. Unamjua mtu. Humjui mgombea urais, unajua picha yake. Seneta umemwona mara mbili. Lakini huyu kijana unajua alivyomtendea mama yake, alivyorudisha pesa ya kikundi cha kina mama au hakurudisha. Taarifa za namna hiyo hazipatikani kwa kiti kingine chochote kati ya sita, na ni kosa kuziweka kando kwa ajili ya picha kwenye karatasi. Na hasara ya kukosea ni ndogo: mmoja kati ya wadi 35 hawezi kuangusha serikali ya kaunti. Ikiwa kuna karatasi ya kujaribia mtu, ni hii.

Ila uaminifu si ufundi. Umeniambia ni mwaminifu, hukuniambia anajua nini. Mwite, mpe chai, mwulize mambo mawili. La kwanza: amewahi kuhudhuria kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na alisema nini? Vikao vile huwa na viti vingi vitupu, asiyevijua hakutafuta. La pili: akiingia peke yake, atapata wapi MCA wa kutosha wa kumpitishia barabara? Akikujibu kwamba Mungu atafungua njia, mpe chai ya pili umuage kwaheri. Akikutajia majina na sababu, huyo ameshaanza kazi.

Umwulize na la tatu, ukiwa peke yako naye: huu uhuru ni wa kweli au ni wa hasira? Wengi wa wagombea huru wetu ni watu wa chama kile kile waliokosa tiketi kwenye mchujo, kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea. Hilo halimfanyi mtu kuwa mbaya, michujo yetu unaijua ilivyo. Lakini ujue unachonunua. Kisheria akishachaguliwa huru hawezi kujiunga na chama katikati ya muhula. Akijiunga anapoteza kiti. Anaweza hata hivyo kukaa na chama kwa miaka mitano kama mpangaji asiye na mkataba, na wapo wanaofanya hivyo kwa faida ya wadi zao.

Na mchujo ndio neno ambalo halimo kabisa kwenye barua yako, nami nilitarajia liwe la kwanza. Wewe unasema unapenda chama na humtaki MCA. Kuna siku moja ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe: siku ya mchujo. Mahali ambapo chama kina ngome, huo ndio uchaguzi wenyewe. Agosti ni kupiga mhuri. Nimeona mchujo wa wadi unaamuliwa na watu wachache kuliko wanaohudhuria harusi ya kijijini. Wanaobaki nyumbani ndio hao hao ambao Agosti wanauliza kama wachague chama au mtu. Wangeamka siku ile wangechagua vyote viwili.

Ili upige kura ya mchujo, vyama vingi vinataka uwe kwenye daftari lao la wanachama. Kuwapigia miaka yote hakukufanyi kuwa mwanachama. Ingia eCitizen, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa, uone umeandikwa wapi. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipochungulia walijikuta wameandikishwa kwenye vyama wasivyovijua, na makelele yake yalifika mbali. Usishangae ukijikuta ni mwanachama wa chama ambacho hujawahi kukiona hata bango. Unaweza kujitoa na kuingia unakotaka.

Ningekuwa wewe, ningempeleka jirani huyu kwenye mchujo wa chama chako kwanza, kwa fulana ya chama, na ningemwamsha mume wako alfajiri twende wote. Usaliti utakuwa umekwisha kwa sababu ni ndani ya nyumba. Chama kikifanya mchujo wa kweli naye akashindwa kwa haki, ningebaki na chama au ningekaa na jirani kutegemea jinsi alivyojibu chai ile. Chama kikimpa MCA tiketi ya moja kwa moja bila kuwauliza, ningempa jirani kura ya wadi bila kigugumizi, na karatasi ya kijani na ya mwakilishi wa kike ningeziamua kwa rekodi ya Bunge. Gavana ningempima mwenyewe, kiatu mpaka kofia.

Kuna ugumu mmoja wa kalenda. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Anayewania kama mgombea huru lazima asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku hiyo, yaani awe ametoka kufikia mapema Mei, na kwa kiti cha wadi anahitaji saini za wapiga kura 500 wa wadi hiyo hiyo. Mchujo ukicheleweshwa mpaka mwisho wa Aprili, akishindwa huko anabaki na siku za kuhesabu vidoleni. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza huyo kijana, kabla hata ya chai, ni daftari la Msajili linamwonyesha yeye ni wa chama gani leo. Asije akagundua mwezi wa Juni.